Wembe Usiokaa na Makali

Jumanne, saa moja kasoro asubuhi, binti wa kinyozi aliingia chumbani kwa mama yake na sindano mkononi, kama afanyavyo kila siku. Alimkuta amelala chali, midomo imekauka, pumzi zinatoka ndefu na nzito kama za mtu aliyepanda mlima. Alimwita. Alimtikisa. Kisha akamchoma ile sindano huku analia, kwa kuwa hakujua la kufanya zaidi ya lile alilozoea, akatoka nje kuita watu.

Jumatano mchana daktari wa wodi alipiga simu polisi.

Mpelelezi aliyetumwa alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye ndevu ngumu zinazoota kama zimetukanwa. Daktari, mwanamke wa maneno machache, alimpeleka mpaka kando ya kitanda. Mama alikuwa amefumba macho. Mkono wake ulikuwa umefungwa mpira wa dripu, na pembeni alikaa mumewe, kinyozi, mzee mwembamba aliyeshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Ana kisukari miaka mingi," daktari alisema walipotoka kwenye veranda. "Nyumbani wanasema anachomwa sindano kila asubuhi bila kukosa. Damu yake inasema hajapata dawa kwa wiki kadhaa."

"Nani anasema kweli?"

"Wote." Daktari alitoa kichupa ndani ya mfuko wa plastiki. "Hiki ndicho binti alichokuwa akitumia. Maabara wamekipima. Nilidhani ni maji, si maji. Ni dawa, lakini imekufa. Haina nguvu yoyote. Mgonjwa amekuwa akichomwa kitu kisicho na kazi."

"Dawa hufa vipi?"

"Ikikaa juani. Ikikaa karibu na moto. Ikizeeka. Njia ni nyingi."

Mpelelezi alikiinua kichupa kwenye mwanga. Alisoma jina la dawa, kipimo chake, na sentensi ya kuagiza kiwekwe kwenye baridi. Alikigeuza. Upande wa pili kioo kilikuwa kitupu.

"Boksi lake?"

"Binti anasema hununua bila boksi. Pale dukani ndivyo wanavyouza, eti friji yao ni ndogo."

"Ataamka?"

Daktari aliangalia ndani kupitia dirishani. "Tunampa dawa nzima sasa. Mwili wake umechelewa. Mengine namwachia Mungu, afande, na mimi si mtu wa kusema hivyo kila siku."

Saa tisa mpelelezi alikuwa sebuleni kwa kinyozi. Nyumba ilikuwa ya vyumba vinne na ua mmoja: wazee upande huu, binti na mumewe upande ule, jiko katikati. Shangazi, dada yake kinyozi, alikuwa amekaa kwenye kochi kama hakimu. Binti alikaa kwenye stuli. Hakuwa amelala, na kanga yake aliivaa ndani nje bila kujua.

"Uliza, afande, uliza," shangazi alisema. "Mimi sifichi. Mwezi uliopita nilimsikia kwa masikio yangu haya. Alisema, 'Nimechoka na hizi sindano.'"

"Ulisema hivyo?" mpelelezi alimuuliza binti.

"Nilisema. Mama alikuwa analia mkono unamuuma, na mimi nikalia. Nilichoka, shangazi. Kuchoka kumekuwa kuua?"

"Sijasema umeua. Nimesema nilisikia."

"Ungekuwa umesikia tu usingemwambia askari."

"Tulieni kwanza," mpelelezi alisema. "Kichupa unakinunua wapi?"

"Kwa mume wangu. Ana duka la dawa pale karibu na chumba cha baba cha kunyolea. Nachukua, naleta nyumbani, naweka kwenye friji. Sijawahi kukiacha nje hata nusu saa."

"Anakupa mkononi?"

"Akiwepo ananipa. Asipokuwepo najichukulia kwenye friji yake. Mimi mke wake, nitapanga foleni?"

Mpelelezi alikwenda jikoni mwenyewe kuangalia. Friji ilikuwa nzee lakini hodari. Maji yaliganda kwenye kikombe cha juu, maziwa yalikuwa baridi mpaka yanauma meno. Dawa haikufia pale. Alijua, lakini kujua kwake hakukuwa na karatasi wala shahidi.

Jioni alimweleza mkubwa wake. Mkubwa alimsikiliza akiwa amesimama, mkoba tayari begani.

"Nani anashika kichupa?"

"Binti."

"Nani anashika sindano?"

"Binti, mkuu. Lakini friji ni nzima, na hana sababu."

"Ana kinywa, na kinywa kilisema amechoka. Mlete. Mama akiamka, atatueleza na tutamwachia. Mama asipoamka, ni kesi ya mauaji, na sitaki kusikia kwamba mtuhumiwa alikuwa nyumbani anafua."

Ndivyo binti alivyoingia mahabusu. Hakubisha. Aliuliza jambo moja tu, kama kule hospitali wanajua kwamba mama yake huchomwa upande wa kushoto, kwa sababu wa kulia una uvimbe. Mpelelezi alisema atawaambia. Alipofika nje ya kituo alikumbuka kwamba hakuuliza ni uvimbe wa wapi, mkono au paja, akaona aibu kurudi.

Mumewe alifika kituoni na blanketi na chupa ya chai. Mtaani walimwita Dokta, kwa vile hakuvua koti lake jeupe hata akienda dukani kununua mkate. Alikuwa kijana mtaratibu, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Alilia bila kujificha.

"Mke wangu hawezi, afande. Hata kuku hawezi kuchinja."

"Dawa zako unazinunua wapi?"

"Kwa wasambazaji wa siku zote. Njoo dukani uone. Maboksi yote yapo, tarehe zote zipo."

Mpelelezi alikwenda akaona. Maboksi yalikuwa yamepangwa kwenye rafu nyuma ya kaunta, safi, na kila moja lilikuwa na tarehe ya mwaka kesho. Rafu hazikuwa na pengo hata moja. Aliandika kwamba ameona, akashukuru, akatoka.

Ijumaa asubuhi hakuwa amenyoa. Aliona ni afadhali afanye mambo mawili kwa wakati mmoja, akaingia kwa kinyozi.

Chumba kilikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu, kabati la chini lenye droo, na mlango wa nyuma uliofungwa kwa komeo. Kwenye kiti cha pili alikuwepo kinyozi mwenza wa yule mzee, mtu mfupi mwenye kichwa kinachong'aa. Walimwita Kipara. Wateja walimtania kwamba siku ya kwanza kazini alijifunzia kwenye kichwa chake akasahau kuacha.

"Mzee, leo ungebaki hospitali," Kipara alikuwa akisema. "Hapa nitakushikia."

"Kule nakaa tu," kinyozi alijibu. "Namwangalia, hanioni. Saa za kuingia zikifika nitakwenda. Afande, kaa."

Alimpaka povu, akafungua wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, akaupigisha kwenye mkanda wa ngozi uliotundikwa pembeni ya kioo, mbele na nyuma, bila kuangalia. Kisha akauweka shavuni.

Mpelelezi alikuwa mvumilivu, lakini machozi yalimtoka. Wembe haukunyoa, ulivuta. Ulikuwa kama unang'oa majani kwenye udongo mkavu.

"Nisamehe," kinyozi alisema kwa sauti ya chini. "Nisamehe sana, afande." Akaurudisha kwenye mkanda.

"Hujaunoa siku nyingi?"

Kipara alimjibia mzee. "Umegusa kidonda, afande."

"Nimeunoa Jumapili," mzee alisema hatimaye. "Jumapili hii iliyopita, kwenye kinoo, nyumbani. Na Jumapili ya kabla yake."

"Wembe hunolewa kila wiki?"

"Wapi." Alivuta kiti akakaa, kana kwamba swali lile lilimkata miguu. "Mkanda wa ngozi ni kila siku, kabla ya kila mteja. Ule haunoi, unanyoosha tu makali yaliyolala. Kinoo ni kitu kingine. Kinoo kinakula chuma. Mimi wembe huu nilikuwa naupeleka kwenye kinoo baada ya miezi miwili, pengine zaidi, mteja akianza kukunja uso. Ukinoa ovyo unaumaliza."

"Na sasa?"

"Tangu mwanzo wa mwaka haukai na makali. Nanoa Jumapili, Jumatatu unakata, katikati ya wiki umekufa. Mara moja niliunoa nikaufungua asubuhi yake, umekwisha." Aliangalia mikono yake. "Nilifikiri ni mimi. Uzee. Nilifikiri nanoa vibaya, mkono unapanda. Sikumwambia mtu. Nilikuwa naufunga kwenye taulo napeleka nyumbani Jumapili, nanoa uani mke wangu akinisomea zaburi, jioni naurudisha hapa. Nilimwambia aniombee mkono urudi."

"Mimi nilijua," Kipara alisema. "Wateja wako walikuwa wananikimbilia huku. Sikusema, nisije nikaonekana nawaiba."

Mpelelezi alijifuta povu. "Wewe wembe wako unaunoa lini?"

"Kabla ya mvua nilinoa. Nitanoa tena siku moja, hauna haraka."

"Kwa kinoo chako?"

"Kinoo cha mzee. Na ni mzee aliyeninolea. Mimi sina mkono huo."

"Mnanyoa watu sawa?"

"Siku hizi mimi zaidi."

Mpelelezi aliwaangalia wote wawili. Mkono mmoja, kinoo kimoja, nyembe mbili. Ule uliofanya kazi zaidi ulikuwa mkali, na ule uliofanya kazi kidogo ulikuwa butu.

"Mzee," alisema, "mkono wako hauna tatizo."

Kinyozi aliinua uso.

"Duka likifungwa, wembe wako unalala wapi?"

"Humo kwenye droo. Daima."

"Na wako, Kipara?"

Kipara alipiga mfuko wa shati. "Naenda nao nyumbani. Nina mke mkali, nahitaji ulinzi."

"Umewahi kuutumia wa mzee? Kukata kamba, kufungua boksi?"

Kwa mara ya kwanza Kipara hakuwa na mzaha. "Afande, kugusa wembe wa mwenzio ni kama kuvaa suruali yake. Hata awe amekufa, unamwuliza kwanza mjane. Hatufanyi hivyo."

"Hatufanyi," mzee alikubali. "Ndiyo maana sikuuliza. Ningemuuliza nani?"

Mpelelezi aliomba wembe. Karibu na ncha palikuwa na kipengo kidogo, kama panya amejaribu kuuma. Aliufunga na kuufungua juu ya leso yake nyeupe, akaugonga polepole. Kutoka katika ufa wa mpini zilianguka chembe chache. Nyingine zilimetameta. Nyingine zilikuwa nyeusi, na alipozisugua kwa kidole zilichora mstari.

"Hii si nywele," Kipara alisema.

"Ule mlango wa nyuma unakwenda wapi?"

"Kwenye bomba la maji," mzee alijibu. "Tunachangia na duka la dawa. Komeo liko huku, lakini mkwe wangu ana ufunguo wa mbele pia. Nilimpa mwenyewe, nikiugua aje afungue. Ni mtoto wangu yule."

Mzee aliyasema hayo kwa upendo, bila kusikia alichokisema. Mpelelezi alikunja leso. Alitamani asingekuwa ameingia kunyoa.

Kituoni mkubwa wake aliitazama leso kwa muda mfupi.

"Unataka kibali cha kupekua duka la mtu mwenye leseni kwa sababu wembe wa baba mkwe wake hauna makali?"

"Mkuu, kitu kinakwanguliwa na ule wembe usiku. Kitu cha kioo, chenye wino."

"Kioo kiko kila mahali. Niletee kitu ambacho hakimu ataelewa kabla ya chai."

Mpelelezi alirudi mezani kwake. Aliinamisha kichwa akasali kidogo, si kwa ajili ya ushindi, bali asije akawa amekosea kwa mara ya pili ndani ya nyumba moja. Kisha akafanya mipango mitatu ambayo haikuhitaji kibali.

Jumamosi asubuhi alipita duka la dawa, akamwambia Dokta, kama mtu anayepiga soga, kwamba wakaguzi wa dawa watapita Jumatatu. Ilikuwa kweli, kwa maana ndiye aliyewaita.

"Waje tu," Dokta alisema. "Maboksi yapo."

"Safari hii nasikia wanafungua boksi moja moja."

Dokta alitabasamu, akaendelea kufuta kaunta mahali palipokuwa pasafi.

Jioni ya Jumamosi, kabla ya kufunga, kinyozi alileta kinoo chake kutoka nyumbani na kuunoa wembe mbele ya mpelelezi. Aliulaza bapa, akausogeza taratibu kwa mate kidogo na maji, hata kipengo kikaisha. Akauosha mpini kwa brashi mpaka maji yakatoka meupe. Mpelelezi alijaribu kwenye mkono wake. Nywele zilianguka kabla hazijaguswa, na mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Umeona, mkono upo," alisema.

"Upo."

Wembe ukaingia droo. Kipara alitoa ufunguo wake, mpelelezi akautia mfukoni. Jumapili yote mzee alikaa hospitali, na nesi wa zamu alikuwa shahidi, kwani alimfukuza mara mbili akarudi mara mbili. Mama hakufumbua macho. Binti alikuwa mahabusu, na mlango wake una kufuli la serikali.

Jumatatu saa mbili na nusu walikuwa wote chumbani kwa kinyozi: mzee, Kipara, mpelelezi, na Dokta aliyeitwa kutoka mlango wa pili, koti jeupe limefungwa mpaka shingoni. Ukutani walisikia wakaguzi wakisogeza maboksi.

Mpelelezi alifungua droo. Aliuweka wembe kwenye mkono wake uleule, akausukuma. Nywele zililala, zikainuka tena.

Mzee alisogea. "Si kweli," alinong'ona. "Nilinoa. Afande, uliona nimenoa."

"Niliona." Mpelelezi alitandaza leso mpya juu ya kabati, akaugonga wembe. Chembe zilianguka, nyingi kuliko za Ijumaa, zinazometa na nyeusi. "Jumamosi jioni humu hamkuwa na kitu. Toka hapo duka halikufunguliwa. Ufunguo wa Kipara ninao mimi. Mzee alikuwa kando ya mkewe. Umebaki ufunguo wako, Dokta."

"Baba aniulize yeye," Dokta alisema. "Baba, mimi nitafanya nini na wembe? Mimi nina ndevu."

"Nijibu mimi. Jana ulikuwa wapi baada ya ibada?"

"Dukani. Nilikuwa nasafisha kwa ajili ya wakaguzi."

"Ulisafisha nini?"

Mlango wa nyuma uligongwa, Kipara akavuta komeo. Mkaguzi mmoja aliingia na maboksi manne, akayafungua juu ya kabati bila kusema neno. Maboksi yalikuwa na tarehe ya mwaka kesho. Vichupa vilivyotoka ndani yake vilikuwa na jina, kipimo, na sentensi ya baridi. Mahali pa tarehe, kioo kilikuwa kitupu.

"Kichupa kama hiki nilikishika Jumatano nikakirudisha," mpelelezi alisema. "Nilikigeuza nikaona pako wazi, nikadhani tarehe imebaki kwenye boksi. Unauza bila maboksi ili maboksi mapya yakae rafuni yakikutolea ushahidi. Vichupa vya zamani unavifuta wino, na uliposikia maboksi yatafunguliwa, jana ukavijaza humo. Sema kama nimekosea."

Dokta alikaa kwenye kiti cha wateja. Kiti kilizunguka kidogo kikamwonyesha kioo, naye akainamisha uso.

"Niliagiza nyingi mno," alisema. "Wakati nafungua duka. Baba alikuwa amesema mbele ya watu, binti yake hatamwoza kwa mtu asiye na kazi ya kueleweka. Nikataka akija akute rafu zimejaa, mtu asirudishwe. Zikapita tarehe kabla hazijauzwa. Nikasema nitazitupa wiki ijayo. Ikaja wiki ijayo, nikaona rafu tupu, nikashindwa."

"Kwa nini wembe wa mzee?"

"Viwembe vidogo vinapinda, vinaacha mikwaruzo. Wa baba una uzito. Ukiulaza unaondoa wino kama unafuta vumbi. Nilikuwa naurudisha mahali pake. Sikujua kioo kinaula hivyo. Na kila nikija, nilikuta una makali tena."

Mzee alikuwa amesimama, mkono mmoja juu ya mkanda wa ngozi.

"Ni mimi nilikuwa naunoa," alisema.

"Baba."

"Kila Jumapili. Yule mwanamke ananisomea zaburi, na mimi nanoa. Nikawa namwomba aniombee." Alizungumza polepole, kama anayejisomea kitu kilichoandikwa kwa maandishi madogo. "Nimekunolea, mwanangu. Nimekunolea vizuri."

"Mama nilimtengea zake," Dokta alisema haraka. "Nzima, zenye tarehe zake. Nilizificha nyuma kabisa. Siku sipo, mke wangu akaja akajichukulia za mbele."

"Ulijua lini?" mpelelezi aliuliza.

Dokta alishika kifungo cha koti lake.

"Ulijua lini?"

"Jumanne. Nilipokiona kichupa kando ya kitanda, hakina tarehe."

"Na Jumatano tulimchukua mkeo."

"Nilisema nikinyamaza siku mbili, mama ataamka, mtamwachia. Nikisema, mtaa mzima utanijia."

"Ulimletea blanketi," Kipara alisema, si kwa hasira, bali kama mtu anayeshangaa kitu alichokiona barabarani.

Mkaguzi alijikohoza. "Twende kwenye jambo la maana. Zipo zilizo nzima na zilizokufa. Tutenganishie. Na utuambie zilizokwisha kuuzwa, nani alipewa ipi."

Dokta aliangalia vile vichupa kwa muda mrefu. Alinyoosha mkono akagusa kimoja, akakiacha, akagusa cha pili.

"Ukiacha za mama, nzima nazo nilizifuta," alisema. "Zilikuwa zimechanganyika kwenye friji, zingine zina tarehe, zingine hazina, mteja angeuliza. Nikazifuta zote zifanane. Baada ya hapo hata mimi sizijui."

"Watu gani walinunua?"

"Wote. Watu wote wa hapa."

Alipofungwa pingu, mama mmoja alikuwa amesimama nje ya duka la dawa na mkoba wake, akiuliza kama watafungua saa ngapi. Mkaguzi alimwambia arudi nyumbani alete kichupa alichonacho. Mama akauliza achome nini kesho. Mkaguzi akamwelekeza hospitali, akajua hospitali ina foleni, na mama naye alijua. Nyuma yake walikuwa wanakuja wengine wawili.

Saa nane mchana binti aliachiwa. Mpelelezi alimpeleka hospitali kwa gari na kumweleza njiani, kwa maneno machache aliyoweza kuyapata. Hakulia. Aliuliza kama mumewe amekula.

Wodini mzee alikuwa ameshafika. Mama alikuwa vilevile. Daktari alisema sukari imeshuka, figo hazijajibu, na kwamba kusubiri sasa ndiyo matibabu. Nesi alileta sindano ya mchana na kichupa chake kwenye sahani. Alimjua binti kwa siku ile ya kwanza, akamhurumia.

"Unataka umchome wewe? Umezoea mkono wake."

Binti alikichukua kichupa, akakiangalia, akamkabidhi mpelelezi.

"Nisomee tarehe."

Mpelelezi alisoma. Ilikuwa ya mwaka kesho, wino mweusi, safi.

"Soma tena."

Alisoma tena, mwezi na mwaka, kwa sauti ya kusikika.

"Kwa hiyo ni nzima."

Alitaka kusema ndiyo. Alikuwa ametatua kesi. Kila mtu aliyekuwa mule alikuwa anamngoja yeye. Lakini alichokuwa nacho mkononi kilikuwa kioo na wino, na aliyekiandika hakumjua.

"Imeandikwa hivyo," alisema.

Binti aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeshukuru kwa kuambiwa ukweli. Alimrudishia nesi sahani, akapiga magoti upande wa kushoto wa kitanda, akaushika mkono wa mama yake pale alipozoea kuchoma, akauzungushia vidole. Nesi alivuta dawa, akasubiri.

"Huo mkono nahitaji niufikie, mdogo wangu," alisema.

Binti hakuuachia.